Kigeuzi cha Pembeni au Kilichomo Ndani ya Deki? Mwongozo Kamili kwa Msikilizaji wa Nairobi

Mjomba wangu anayeishi Buruburu ana sidii zaidi ya mia tatu. Rumba, benga, taarab, kwaya za kanisa, na nyingine alizochomewa na marafiki ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Deki yake ilipoanza kuruka maneno na kukwama katikati ya wimbo, fundi mmoja alimshauri anunue kigeuzi cha pembeni, kile kijisanduku ambacho kwenye boksi huandikwa DAC. Akanunua. Deki ikaendelea kuruka vilevile, kwa sababu kilichochoka kilikuwa lenzi, na kigeuzi hakisomi sidii. Akanipigia simu: "Mjomba," naye huniita hivyohivyo, "pesa imetoka na ugonjwa uko palepale. Imekuwaje?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Nimetumia vigeuzi vya pembeni kwa miaka kadhaa na ninavipenda. Ila naumia kuona mtu akitoa pesa ya mwezi mzima kununua kitu ambacho deki yake tayari inacho.

Deki hufanya kazi tatu

Ndani ya deki mna kazi tatu zinazofuatana. Ya kwanza ni kusoma: mota huzungusha sidii, mwale wa leza hupita kwenye lenzi na kusoma vishimo vidogo mno, kisha makosa madogomadogo husahihishwa. Kinachotoka hapo ni namba tupu. Kila sekunde hutoka sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 za upande wa kulia na nyingine kama hizo za kushoto, kila moja ikiwa na biti 16. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde.

Kazi ya pili ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme unaopanda na kushuka kama wimbi la sauti. Hapo ndipo kigeuzi kinapoingia. Ya tatu ni kuupa umeme huo nguvu ya kutosha, kwa kawaida kama volti 2, ili ufike kwenye amplifaya ukiwa safi.

Kila deki yenye tundu jekundu na jeupe la sauti mgongoni ina kigeuzi ndani yake. Muuzaji akikwambia deki yako "haina DAC", anakosea. Kigeuzi cha pembeni hupokea kazi ya pili na ya tatu. Ya kwanza hubaki kwa deki siku zote. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya mitaani yamejijibu.

Kwa nini basi sanduku la pembeni likapata sifa kubwa hivi? Deki ya kwanza kuuzwa madukani, Sony CDP-101, ilitoka Japani Oktoba 1982. Siku zile kutengeneza kigeuzi kizuri ilikuwa kazi ngumu. Philips walianza na chipu ya TDA1540 yenye biti 14, wakaifikisha ilipotakiwa kwa kuzidisha kasi ya sampuli mara 4. Sony wakashika biti 16 na kichujio kikali cha analogi. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, vigeuzi vya pembeni vilikuwa tayari sokoni, na mwenye deki ya mwanzo alikuwa na sababu ya kuvitamani. Leo chipu ya bei ndogo hufanya kazi ambayo wahandisi wa wakati ule wangeionea wivu, ila sifa ya miaka ile bado inauza maboksi mapya.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa kabla ya dawa

Keti na deki yako jioni moja uisikilize kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa.

Ikiruka, ikikwama, au ikichukua muda mrefu kuitambua sidii, tatizo liko kwenye kusoma. Futa sidii kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari minyoofu. Usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mgumu zaidi kwa deki kuusahihisha. Kama sidii zote zinaruka, shuku lenzi. Vumbi la Nairobi halina huruma, hasa nyumba ikiwa karibu na barabara ya murramu. Fundi mwangalifu ataisafisha kwa pamba na spiriti safi bila kuikandamiza. Ikigoma, kichwa cha leza kibadilishwe au utafute deki nyingine. Kigeuzi hakitakusaidia.

Upande mmoja ukikatika, badilishana nyaya za kulia na kushoto nyuma ya amplifaya. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye deki au kwenye waya. Ukibaki palepale, liko kwenye amplifaya au spika.

Kukiwa na mchakacho unaosikika wimbo ukisimama, chomeka simu kwenye tundu lilelile la amplifaya. Kama simu iko kimya na deki inachakacha, hapo sasa una sababu ya kufikiria kigeuzi. Deki nyingi za DVD za bei ya chini hubana kila kitu kwenye bodi moja, video, sauti na sehemu ya kupokea stima, na vurugu hiyo huvuja hadi kwenye sauti.

Ama ukilalamika kwamba besi ni nyembamba au sauti haijai chumba, anza na spika. Zisogeze mbali na kona, au karibu nayo, uone. Tofauti ya spika mbili ni kubwa kuliko tofauti ya vigeuzi viwili vyovyote vizima, nami nimeyaona hayo katika kila nyumba niliyofunga mitambo.

Hatua ya 2: Soma mgongo wa deki

Igeuze deki. Nyekundu na nyeupe ni sauti ya analogi, yaani imeshageuzwa. Ya manjano ni picha. Unachotafuta ni namba zenyewe kabla hazijageuzwa, na hizo hutokea sehemu mbili. Moja ni tundu la duara, mara nyingi la rangi ya machungwa, lililoandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT. Nyingine ni tundu dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL, na ukilifungua huku deki imewashwa utaona mwanga mwekundu.

Deki isiyo na hata moja kati ya hayo haiwezi kulisha kigeuzi cha kawaida. Ulizia hilo kabla ya kulipa chochote.

Tundu la machungwa linataka waya wa omu 75. Si lazima ununue mpya: waya wa manjano wa picha uliokuja na deki ya zamani umetengenezwa kwa omu 75 hizohizo, na kwa mita moja au mbili unafanya kazi barabara. Wangu ni wa aina hiyo. Waya wa mwanga nao una faida yake, maana haubebi umeme, hivyo hauwezi kuhamisha mvumo kutoka chombo kimoja hadi kingine. Usiukunje kona kali, na ondoa vile vikofia vya plastiki nchani. Wengi husahau vikofia.

Hatua ya 3: Panga mipangilio ya deki

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudisha kigeuzi dukani kikiwa kizima. Deki ya DVD huweza kutoa sauti ya dijitali kwa namna mbili. BITSTREAM au RAW hupeleka sauti ya filamu ikiwa bado imefungwa, na kigeuzi cha stereo hakijui kuifungua: utapata ukimya au kelele kama ya mvua ya mawe juu ya mabati. Namna ya pili, PCM au LPCM, hupeleka namba zikiwa zimeshafunguliwa. Ingia kwenye sehemu ya sauti ya mipangilio ukaichague hiyo. Tatizo hilihili hutokea kwa televisheni.

Ukimaliza, weka sauti ya amplifaya chini kabisa kabla ya kucheza. Iongeze polepole.

Hatua ya 4: Linganisha kwa haki

Kama hutasoma sehemu nyingine yoyote, soma hii.

Azima kigeuzi. Rafiki, jirani, mtu wa kanisani, au duka linalokubali urudishe baada ya siku mbili. Unganisha deki kwa njia zote mbili kwa pamoja: nyekundu na nyeupe moja kwa moja hadi tundu la CD kwenye amplifaya, na tundu la machungwa hadi kigeuzi, kisha kutoka kigeuzi hadi tundu la AUX. Deki nyingi hutoa sauti kote kwa wakati mmoja. Sasa sidii ileile, sekunde ileile, inafika kwa njia mbili, nawe unahama kwa kubonyeza rimoti.

Utahama, na huenda kigeuzi kikasikika kizuri zaidi palepale. Usifurahi bado. Sikio la binadamu huchukulia sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora, hata mwenyewe asipotambua kwamba imepanda. Deki ikitoa volti 2 na kigeuzi kikatoa 2.3, tofauti ni kama desibeli 1.2, nayo yatosha kabisa kukuuzia boksi.

Kwa hiyo sawazisha. Pakua kwenye kompyuta faili ya mlio mmoja usiobadilika, hezi 400 hivi, uichome kwenye sidii. Chukua mita ya fundi, iweke kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye vituo vya spika moja huku mlio ukicheza kwa sauti ya chini. Mwangalifu ncha zisigusane. Andika namba ya njia ya kwanza, hamia ya pili, uandike tena. Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, yaani asilimia 1 hivi ya volti. Kigeuzi chenye kirungu cha sauti hurahisisha kazi. Kama hakina, weka alama mbili kwenye kirungu cha amplifaya, moja ya kila njia, na msaidizi wako arudi kwenye alama hizo kila anapohama.

Kisha mwite mtu wa nyumbani ashike rimoti, wewe ukae umempa mgongo. Arushe sarafu kila mara ili kuamua njia ipi icheze. Wewe sema ni ipi, yeye aandike bila kukwambia umepata au umekosa. Fanyeni mara 16, mkipumzika katikati kwa chai. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu unachokisikia, kwa sababu bahati tupu ingekufikisha hapo chini ya mara 4 katika kila 100. Ukipatia 8 au 9, masikio yako hayatofautishi, na hilo si aibu hata kidogo. Ni habari njema kwa mfuko.

Chagua muziki unaoujua kwa moyo. Mimi hutumia gitaa la benga, lile la juu linalodonoa haraka, kwa sababu kila mdonoo una mwanzo mkali unaofichua kigeuzi kilichochoka. Ganuni na fidla za taarab nazo hufichua ukali wa sauti za juu. Sauti moja ya mwimbaji iliyorekodiwa karibu husaidia kusikia mchakacho. Epuka rekodi zilizopandishwa sauti hadi zimebanwa. Hizo husikika vilevile popote.

Nilipomfanyia mjomba jaribio hili kwa deki yake mpya ya sidii, ya mtumba lakini nzima, alipatia 9 kati ya 16. Kwa deki ya DVD ya binti yake alipatia 14.

Hatua ya 5: Amua

Kaa na deki yako kama ni ya sidii hasa, iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki, ni nzima na haina mchakacho. Ina hata faida moja ya kiufundi ambayo wauzaji hawaisemi: saa inayopigia kigeuzi hatua, yaani mpigo unaokiambia kila sampuli igeuzwe lini, iko ndani ya boksi lilelile, karibu na chipu. Namba zikisafiri kwenye waya, saa husafiri ndani yake, na kigeuzi cha pembeni hulazimika kuidondoa kutoka kwenye mkondo huo na kuituliza upya. Vigeuzi vizuri hufanya hivyo vizuri sana. Vile vijisanduku vidogo vya bei ya chini mara nyingine havifanyi.

Kaa nayo pia kama ni ya kucheza SACD, zile sidii maalumu za ubora wa juu zilizoanza kuuzwa 1999, nawe unazimiliki. Muziki wake umefungwa kwa kinga ya kunakili na hautoki kwenye tundu la machungwa wala la mwanga. Ukiunganisha kigeuzi hapo utapata ile safu ya kawaida ya sidii tu, kama ipo, au ukimya.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Baadhi ya sidii za miaka ya 1980 zilirekodiwa sauti za juu zikiwa zimeinuliwa makusudi, pamoja na alama inayoiambia deki izishushe wakati wa kucheza. Deki hutii alama hiyo. Vigeuzi kadhaa vya pembeni vya siku hizi havijali. Sidii ya zamani ikisikika kali na nyembamba kupitia kigeuzi lakini tamu moja kwa moja, huenda ni hilo, wala hakuna kilichoharibika.

Nunua kigeuzi, upande wa pili, ikiwa chanzo chako ni deki ya DVD yenye mchakacho, au jaribio lako limekuonyesha tofauti. Sababu iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hii: una vyanzo vingi. Televisheni ina tundu la mwanga, kompyuta na simu zina USB, deki ina tundu la machungwa. Kigeuzi kimoja chenye milango hiyo mitatu huvihudumia vyote, na leza ikifa baada ya miaka unabadilisha deki tu. Deki ina mota, mikanda na lenzi, vitu vinavyochakaa. Kigeuzi hakina kinachozunguka.

Hatua ya 6: Kununua mjini

Ukishuka kutoka Tom Mboya kuelekea River Road kwa Luthuli Avenue, utapita maduka ya vyombo vya sauti yaliyopangana, mapya na ya ex-UK. Nenda asubuhi, kabla ya kelele za spika zinazoshindana kuzidi. Beba sidii zako mbili, moja halisi na moja ya kuchoma yenye mikwaruzo kidogo, pamoja na hedifoni unazozizoea.

Kwa deki ya mtumba, icheze wimbo wa mwisho wa sidii ndefu. Leza iliyochoka mara nyingi hushindwa ukingoni. Fungua na kufunga droo mara tano. Angalia kibao cha nyuma: chombo kilichoandikwa 100V kimetoka Japani, na ukikichomeka moja kwa moja kwenye 240V za kwetu utakiunguza. Deki za DVD zisizo na kioo cha kuonyesha namba hukulazimisha kuwasha televisheni ili kuchagua wimbo, jambo linalochosha mapema. Nyingine huacha ukimya mfupi kati ya nyimbo, na ukipenda rekodi za jukwaani utauchukia.

Kwa kigeuzi, usibabaishwe na "32 bit" na "768 kHz" kwenye boksi. Sidii ni biti 16 na kilohezi 44.1, basi. Uliza volti kinazotoa, milango yake, na kama adapta yake imo ndani ya boksi. Adapta ni jambo la kuangalia kweli: ya volti 12 ikiingia kwenye kigeuzi cha volti 5, kazi imekwisha. Volti zilingane, ampea zitoshe, na chanya iwe upande uliochorwa.

Vipo pia vijisanduku vyeusi vya plastiki vya kubadilisha sauti ya televisheni, vidogo kama kiberiti. Kwa televisheni ya chumbani vinafaa. Kwa muziki, vipitishe kwanza kwenye jaribio la hatua ya 4.

Hatua ya 7: Kuunganisha na kuulinda mtambo

Zima kila kitu. Unganisha deki na kigeuzi, kigeuzi na amplifaya, ndipo uchomeke stima. Amplifaya iwashwe mwisho na kuzimwa kwanza, la sivyo spika zitapigwa mshtuko. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, subiri dakika chache, kwa kuwa mara nyingi hurudi na kishindo. Kifaa cha kulinda dhidi ya stima kupanda ghafla ni bei ndogo ukilinganisha na kinachokilinda.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa waya wa antena ya televisheni na waya wa intaneti mmoja baada ya mwingine. Mvumo ukikatika, umempata mhalifu. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, na ukiweza tumia waya wa mwanga kati ya televisheni na kigeuzi. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kunyamazisha mvumo, hata fundi akikuhakikishia ni salama. Pini hiyo ndiyo inayokukinga usipigwe na stima.

Mjomba sasa ana deki yake ya sidii iliyoungwa kwa nyekundu na nyeupe, bila kitu katikati. Kile kigeuzi tulikihamishia kwa binti yake anayeishi mtaa wa Umoja, kati ya televisheni na spika zake, na deki yake ya DVD imechomekwa humohumo kwa waya wa manjano.